Ruwenzori: Barafu haitangojea amani

Mlima Ruwenzori ni wa inchi mbili. Mpaka wa Congo na Uganda unapita juu kabisa, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, cha tatu kwa urefu katika Afrika nyuma ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lakini mgeni anayetaka kutembea siku nyingi katika milima hiyo, mfuko mgongoni, leo anashauriwa kupitia Kasese, upande wa Uganda. Njia ya Mutwanga, katika sekta ya Ruwenzori, inabaki kimya.

Kila mkaaji wa Beni anajua sababu. Waasi wa ADF wameua raia wengi katika vijiji vya chini ya mlima, na hakuna mgeni anayepaswa kupelekwa mahali ambapo mwenyeji mwenyewe anaogopa kwenda shambani. Hilo halina mjadala. Kosa ni kuamini kwamba kabla ya amani hakuna kazi ya kufanya.

Wengine wanasema kupanda milima ni starehe ya wazungu. Njia yenyewe inawajibu. Kutoka Mutwanga, mtembeaji analala Kalonge, karibu mita 2,100. Kisha Mahangu, karibu mita 3,300. Kisha Kiondo, juu ya mita 4,000. Hawezi kuharakisha. Mwili unapaswa kuzoea hewa nyepesi. Anayeulazimisha anaumwa kichwa, anatapika, na asiposhuka haraka anaweza kufa. Ndiyo maana safari inachukua siku tano ama sita. Mgeni wa gorila anarudi siku ileile; huyu wa Ruwenzori anahitaji, karibu juma zima, kiongozi, wabeba mizigo, na maharagi na viazi vya mama wa soko la Mutwanga.

Wakati huo mlima unabadilika. Mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Italia alipofika Margherita, barafu ya Ruwenzori ilifunika karibu kilometa mraba 6.5. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilometa mraba moja. Joto la dunia halingojei vita viishe.

Barafu hiyo, hakuna mtu wa Beni anayeweza kuirudisha. Lakini kuna kingine kinachopotea kimyakimya: maarifa ya viongozi wa zamani. Wao wanajua ni wapi jiwe linateleza, ukungu unaanguka saa ngapi, mgeni gani arudishwe chini hata kama amelipa. Wanazeeka, na vijana hawapandi nao tena.

Maarifa hayo yanaweza kupokezwa tangu sasa, hata mjini, bila kumweka mtu hatarini. Dalili za ugonjwa wa mwinuko, huduma ya kwanza, kutumia kamba, lugha za wageni: vyote vinafundishwa katika darasa la Beni ama Butembo. Wasimamizi wa Mbuga ya Virunga na machifu wanaweza pia kuandika mapema haki za mbeba mizigo: asibebeshwe kupita kilo gani, nani anampa koti na viatu vya baridi, nani anamtunza akivunjika mguu, na mshahara wake unafika mkononi mwake namna gani.

Siku usalama utakaporudi, njia itahitaji watu walio tayari. Kama hawapo, wageni watakuja na viongozi wao kutoka mbali, na kijana wa Mutwanga atabaki kando ya barabara akiwatazama wakipita.