Mpaka Uliohamia Mlangoni Kwetu

Ukimwambia Mkenya "mji wa mpakani", atakutajia Busia, Malaba au Namanga: foleni ya malori, wabadilishaji pesa, na kijana wa boda boda anayekuuliza, "Mkubwa, unavuka?" Hatakutajia Naivasha. Lakini hadi 1902 Naivasha ilikuwa Uganda. Sitanii. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulikuja mpaka huku Bonde la Ufa, na reli iliyotoka Mombasa ikapita hapa kwenda Kisumu, ikafika 1901. Aprili 1902 Waingereza wakausogeza mpaka kwa kalamu. Watu walilala Uganda wakaamka kwingine, na hakuna aliyebeba hata chungu.

Siku hizi mpaka umerudi, ila ni wa mizigo. SGR ilitarajiwa kufika Malaba. Oktoba 2019 ikaishia Suswa. Huko karibu na Mai Mahiu pakajengwa bandari kavu, na Uganda ikaahidiwa ardhi yake hapo. Kontena la Kampala basi limepimiwa mahali pake pa kukaa. Lina ua, lina taa, lina mlinzi.

Mimi nilikuwa nakaa Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio upande wa ziwa, wengi wetu tukiwa vibarua wa mashamba ya maua na wachuuzi wa sokoni. Kutoka kwangu hadi stage ilikuwa boda boda ya dakika chache. Kutoka stage, Nairobi ni kama kilomita 90. Kwa hesabu ya barabara, tumekaa pazuri kuliko miji mingi ya mpakani.

Lakini mpaka wetu sisi ni maji. Yalikuja 2020, yakarudi tena 2025. Boti zilizozoea kupeleka watalii kutazama viboko zikawa ndizo matatu zetu. Jirani yangu alishuka kwenye boti na kuku wawili, godoro, na vyeti vya watoto alivyovifunga kwenye nailoni. "Teremka polepole, mathe," nahodha alimwambia, "hapa ndipo barabara ilikuwa." Novemba hiyohiyo nchi nzima ilikuwa ikishangilia kuzinduliwa kwa kazi ya kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo tutailipia kila tukipita. Sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni hiki: mtu wa Kihoto ataifikiaje?

Najua jibu mnalolipenda. "Si mlijua hiyo ni ardhi ya ziwa?" Tulijua vipi? Niliponunua ploti yangu nilipewa karatasi yenye mhuri. Nguzo za stima zilikuwa zimeshasimama. Tingatinga lilikuwa limeshapasua barabara, na wanasiasa walikuwa wakija kuomba kura mahali palepale ambapo leo ndege wa majini wanatafuta samaki. Kama papo hapo palikuwa ziwani, basi hao wote walikuwa wakihutubia kambare. Na mwenye kosa, eti, ni mimi peke yangu!

Ziwa lenyewe halikumficha mtu tabia yake. Malewa na Gilgil huingia. Hakuna mto unaotoka juu ya ardhi. Kwa hiyo hupanuka na kunywea. Wakati wa kiangazi cha 2009 lilikuwa limerudi nyuma mbali sana, na pale liliporudi nyuma, binadamu wakaja na kamba za kupimia. Ziwa likirudi kwao, wanaliita mvamizi. Wapima ardhi wanajua ziwa limewahi kufika wapi. Walioamua ploti ziuzwe wangeweza kuwauliza.

Kwa hiyo sidai huruma, wala unga na blanketi za kupigiwa picha. Nadai alama. Weka nguzo za saruji, nyeupe, zinazoonekana, pale ziwa lilipowahi kufika katika kilele chake, kama zile nguzo za mpaka wa nchi ambazo mchungaji asiyejua kusoma huzitambua. Chini ya nguzo, asiuze mtu, asipige mtu mhuri. Aliyekwisha kuuziwa kwa karatasi halali apewe ardhi nyingine, juu, karibu na barabara, maana mfanyakazi wa maua akipelekwa porini nauli itamaliza mshahara. Na aliyeidhinisha ploti hizo aitwe aeleze.

Kalamu iliyoweza kuihamisha Naivasha kutoka Uganda mwaka 1902, na kulipa kontena la Kampala makao mwaka 2019, haiwezi kushindwa kuchora mstari mmoja kandokando ya ziwa. Labda kinachokosekana ni nia.

Wazee wa Kikuyu wanajua neno kihooto: ni haki, ni hoja ya kweli ambayo mtu akiisikia hana la kujibu. Mtaa wetu umebeba jina hilo. Hoja ndiyo hiyo nimeiweka. Mwenye la kujibu ajibu, lakini aje Kihoto kwanza, na aje na boti.