Bukavu: Kutoa termosta si kutengeneza gari

Taksi ya zamani ikichemka kwenye milima ya Bukavu, mafundi wengi wanatoa termosta na kujaza maji ya bomba. Dereva anaondoka akishukuru. Lakini huku juu, karibu mita 1500, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Kizibo cha radiateri ndicho kinachoyazuia kwa kushikilia presha. Kizibo kilichochoka, nani anakiangalia? Bila termosta injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na buji mpya zinajaa masizi. Mwenye gari analalamika eti aliuziwa buji za bandia. Fundi aanze na kizibo, mipira na termosta mpya, ndipo aguse buji. Kichwa cha injini kikipinda, familia ya dereva inalala njaa.