Saa Kumi Ikifika, James Anaenda Nyumbani

Manze, kama unafanya kazi na marafiki zako, tafuta filamu inaitwa Some Kind of Monster, ya 2004. Si lazima upende metali. Hata nyanya yako ataielewa, azibe tu masikio gitaa zikianza.

Ni stori ya Metallica, bendi ya Marekani iliyokuwa tayari na pesa na jina. Mwaka wa 2001 Jason Newsted, aliyewapigia besi miaka 14, anaondoka. Waliobaki wanamlipa mshauri, Phil Towle, dola 40,000 kila mwezi awasaidie tu kuongea. Halafu kazi ya albamu mpya ikiwa imeanza, mwimbaji James Hetfield anaenda kutibiwa ulevi, anakaa huko miezi. Hakuna anayejua kama bendi bado iko. Kamera nazo hazizimwi.

James akirudi anakuja na masharti. Atafanya kazi saa sita mchana hadi saa kumi, basi. Na akishaenda nyumbani, wenzake wasikae wakisikiliza na kujadili nyimbo bila yeye.

Hapo watazamaji hugawanyika. Wa "afya kwanza" wanampigia James makofi. Wa "kazi ni kazi" wako na Lars Ulrich, mpiga ngoma, anayezunguka chumba akiwaka mpaka anamtupia James tusi usoni.

Mimi naona wote wawili wana haki, na hiyo ndiyo sehemu hatupendi kusema huku mtandaoni. Tunauziana mapumziko kama kitu cha bure: weka mipaka, zima simu, linda amani yako. Sawa, lakini mipaka ya James kuna mtu anailipia. Lars na Kirk Hammett wamesubiri miezi, sasa saa kumi ikifika waweke vyombo chini. Na usimsahau Jason. Sababu moja kubwa ya yeye kutoka ni kwamba alitaka kufanya muziki wake pembeni na kundi la Echobrain, na James ndiye alikataa. Aliyemnyima mwenzake nafasi, leo ndiye anaomba nafasi.

Kwani angekataliwa? Hapana. Mtu ametoka tu kwa pombe, ukimlazimisha kukesha studio unamrudisha kwa chupa. Wenzake walikubali kulipa. Kitu ninachowaheshimia ni kwamba hawakujifanya haiumi. Waliisema mbele yake, naye akakaa akasikia.

Na matunda? St. Anger ilitoka 2003, na mpaka leo kuna mashabiki wanaicheka kwa ile sauti ya ngoma kama sufuria. Kwa hivyo usidanganywe ati ukipumzika utatoa kazi kali. Walichookoa ni bendi yenyewe. Mwaka wa 2019 James alirudi tena kwa matibabu, ziara ikaahirishwa, na hakuna aliyevunja kundi. Mwaka wa 2023 wakatoa albamu nyingine.

So mwenzako akikuambia saa kumi anaenda, mwache aende. Na wewe unayeenda, kabla ufunge mlango uliza nani anabaki na mzigo wako, na umpe nafasi ya kukuambia ukweli hata kama atapaza sauti.

Nyinyi mngekuwa kwa hicho chumba, mngeketi upande wa nani?