Tujue kilichomo kwenye kopo la rangi ya boti

Na Salma Mwinyihaji

Rangi inayopakwa chini ya meli na boti haipakwi kwa urembo. Inapakwa ili iue. Chombo kikikaa majini wiki chache tu, mwani huota, kisha hufuata viumbe wenye magamba wanaoganda kwenye ubao au chuma wasibanduke ila kwa kukwanguliwa. Chombo huwa kizito, injini hunywa mafuta, na faida ya safari huishia hapo. Ndiyo maana viwanda huchanganya sumu ndani ya rangi, nayo hutoka kidogo kidogo mchana na usiku, kiumbe akikaribia asipate pa kushika. Lakini sumu ikishaingia majini haibaki kwenye chombo. Inamfikia chaza, inamfikia kaa, na inamfikia samaki.

Wafaransa walilijua hilo kwa hasara. Ghuba ya Arcachon, kusini-magharibi mwa nchi yao, ni mahali pa ufugaji wa chaza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto wa chaza walikaribia kutoonekana kabisa, na wale wakubwa wakaota magamba manene yaliyopinda, nyama ndani ikiwa haba. Kisa kilikuwa tributiltini, maarufu kwa kifupi TBT, kemikali yenye asili ya bati iliyokuwamo kwenye rangi za boti za starehe zilizojaa ghubani. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku rangi hizo kwa boti zisizofikia mita 25. Haikuchukua muda mrefu chaza wakaanza kuzaa tena.

Kule Uingereza, konokono wa miambani ndio waliotoa ushahidi. Majike waliota uume, njia ya kutolea mayai ikaziba, na wengine wakafa na mayai yao tumboni. Kiwango kilichotosha kuwaharibu ni takriban nanogramu moja ya TBT kwa kila lita ya maji. Hiyo ni sawa na gramu moja tu iliyoyeyushwa kwenye mabwawa 400 ya kuogelea ya Olimpiki. Ninapofikiri juu ya kopo zima linalokwanguliwa ufukweni na vumbi lake kusombwa na maji kujaa, hesabu hiyo inanitia hofu ya kweli.

Na samaki je? Chaza na konokono hukaa mahali pamoja, kwa hiyo mtu akirudi anawaona walivyoharibika. Samaki huondoka. Akidhoofika huliwa na mwenzake, asipozaa hakuna anayejua, na mvuvi husema tu kwamba mwaka huu bahari ni kavu. Ilibidi wanasayansi wawaweke kwenye matangi ndipo waone. Japani walichukua hirame, samaki bapa wa jamii ya gayogayo wetu, wakawalisha vifaranga waliozaliwa majike chakula chenye TBT kidogo. Zaidi ya robo yao wakakua kuwa madume. Majaribio mengine yameonyesha kuwa TBT hujilimbikiza kwenye ini la samaki na kuipunguza nguvu ya mwili wake kupambana na maradhi. Katika miaka ya 1980 nyavu za vizimba vya samoni huko Uskoti zilikuwa zikitiwa sumu hiyohiyo, nayo ikaonekana ndani ya minofu iliyokuwa ikienda sokoni.

Dunia ilichukua hatua, ingawa kwa kuchelewa. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, ulipitishwa mwaka 2001 na ukaanza kufanya kazi Septemba 2008. TBT ikakatazwa kwenye vyombo vyote. Viwanda vikahamia kwenye shaba, mara nyingi ikiongezewa dawa za kuua mwani. Moja ya dawa hizo, sibutrini, nayo imepigwa marufuku kuanzia Januari 2023, baada ya kutumika miaka mingi huku ikielezwa kuwa afadhali. Shaba ingalipo. Katika maji baridi, mikrogramu chache tu za shaba kwa lita humwondolea samoni mchanga uwezo wa kunusa ndani ya saa chache. Harufu ya mwenziwe aliyejeruhiwa, ambayo ingemfanya atulie asionekane, haimfikii, naye adui humkuta akiendelea kuogelea. Maji ya chumvi hupunguza madhara hayo ya pua, na hilo ni jambo la kushukuru kwetu wa pwani. Wenzetu wa Ziwa Victoria, ambako vizimba vya sato vinaongezeka, hawana chumvi ya kuwakinga. Nyavu zenye shaba zisiingizwe ziwani kabla watafiti wetu hawajazipima.

Kwetu pwani, wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye vyombo vidogo. Mkataba wa IMO unadai cheti cha ukaguzi kwa meli kubwa zinazokwenda nchi za nje, na tamko la mwenye chombo kwa zile zenye urefu wa kuanzia mita 24. Mashua, majahazi mengi, boti za utalii na za uvuvi ziko chini ya kipimo hicho. Marufuku inazihusu pia, lakini hazidaiwi karatasi. Fundi hununua kopo alilolipata dukani, pengine lebo yake imebanduka, akapaka, na mwaka unaofuata akalikwangua palepale wanapocheza watoto na kina mama wanapookota chaza.

Kuna na tope. TBT majini huoza katika muda wa siku au wiki, ila ikizama kwenye tope lisilo na hewa hukaa miaka mingi. Bandari zetu zimepokea meli tangu enzi TBT ikiwa halali, na sasa zinachimbwa ili zipokee meli kubwa zaidi. Kila tope linapotibuliwa, TBT ya zamani huweza kurudi majini.

Naziomba Mamlaka ya Bahari ya Kenya na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, pamoja na mashirika ya viwango ya nchi zote mbili, zichukue sampuli za rangi zinazouzwa madukani, zizipime, na zitangaze majina ya zile zenye TBT au sibutrini. Tope la bandarini lipimwe kabla ya kuchimbwa, na matokeo yawafikie wavuvi kupitia vikundi vyao vya ufukweni. Nawe mwenye chombo, usikubali kopo lisilo na lebo, na unapokwangua tandika turubai chini, ukusanye vumbi lote na ulipeleke mbali na maji.