Maoni: Fundi wa sauti katika michezo ya video, kazi ambayo vijana wa Kivu hawaambiwi

Jioni, katika mitaa mingi ya Goma, Bukavu na Uvira, vyumba vya michezo ya video hujaa vijana. Runinga mbili au tatu, jenereta inanguruma nje, na kila mmoja analipa ili acheze mpira wa kwenye kioo. Wazazi wanaona hasara tu: franka zinapotea na masomo yanaachwa. Hawakosei. Lakini kuna jambo ambalo wazazi na vijana wote hawaambiwi. Katika michezo hiyo, mchezaji si peke yake anayelipwa. Kuna pia fundi wa sauti.

Michezo ya video ya mashindano imekuwa biashara kubwa duniani. Mwaka 2019, mashindano ya Dota 2 huko Shanghai, China, yaligawa zawadi za zaidi ya dola milioni 34. Mwaka 2024, huko Riyadh, Saudi Arabia, mashindano ya michezo mbalimbali yalitenga zaidi ya dola milioni 60. Kijana akisikia hivyo anaota kuwa bingwa. Lakini mabingwa ni wachache sana, na maelfu wanarudi nyumbani mikono mitupu. Fundi wa sauti hulipwa hata timu gani ishinde.

Kazi yake ni nini? Mfano ni mchezo wa Counter-Strike, watu watano dhidi ya watano. Mchezaji husikiliza nyayo za adui ili ajue anatoka kushoto au kulia, karibu au mbali. Sasa mchezo huo unachezwa ndani ya ukumbi wenye maelfu ya watu, kama ule wa Spodek mjini Katowice, Poland. Watazamaji wanaona kwenye kioo kikubwa kile ambacho mchezaji hakioni: adui amejificha nyuma ya ukuta. Wakipiga kelele na mchezaji akasikia, amekwisha kuambiwa siri. Hapo haki ya mchezo imekufa.

Ndiyo maana mchezaji huvaa spika ndogo ndani ya masikio, zenye sauti ya mchezo na ya wenzake, kisha juu yake huvaa kubwa za kuziba kelele. Katika hizo kubwa fundi hutia mvumo usiokatika, kama mvua kwenye mabati, ili kelele za ukumbi zisipenye. Wakati huohuo anachanganya sauti nyingine kwa ajili ya watu walio nyumbani: watangazaji, milio ya mchezo, shangwe za watu na muziki. Mtangazaji akifunikwa na milio ya bunduki, au sauti ikichelewa nyuma ya picha, mtazamaji anafunga na kwenda zake.

Msikilizaji wa redio ataitambua kazi hiyo mara moja. Ni ileile ya fundi mitambo wa redio ya jamii anayetangaza mpira kutoka uwanjani, mikro moja, upepo mkali, jenereta pembeni, na watu wanataka kusikia jina la aliyefunga. Ni ileile ya kijana anayesimamia vyombo kanisani siku ya Jumapili. Mashariki mwa Congo hakukosi masikio yenye ujuzi. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, inatangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, na nyuma ya kila kipindi kuna fundi.

Kuna watakaosema kwamba ni ndoto za matajiri: umeme unakatika, intaneti ni ghali, na familia iliyokimbia vita inatafuta unga kwanza. Ni kweli. Hakuna atakayetoka kwenye hema leo na kufika Katowice kesho. Lakini mwanzo hauhitaji Katowice. Programu ya Audacity ya kurekodi na kusafisha sauti ni ya bure, na inafanya kazi hata bila intaneti kwenye kompyuta ya kawaida. Chumba cha michezo cha mtaani kikiandaa shindano, kijana mmoja atangaze, mwingine asimamie sauti, na redio ya jirani irushe fainali. Hapo watajifunza.

Kwa hiyo wakurugenzi wa redio wafungue milango ya studio kwa vijana, hasa waliohama makwao, angalau mara moja kwa wiki. Mashirika yanayofundisha ushonaji na useremala yaongeze ufundi wa sauti. Wenye vyumba vya michezo wasipokee watoto saa za masomo. Na wazazi, kabla ya kumfukuza kijana na kumwita mvivu, wamuulize anasikia nini anapocheza.

Familia zilizohama zinajua zaidi ya wengine: shamba hubaki nyuma, mbuzi huporwa, nyumba huchomwa. Ufundi haubebwi kichwani kama gunia, na hakuna kizuizi cha barabarani kinachoweza kuunyang'anya. Kijana aliyefundishwa kusikiliza vizuri atafika nao popote atakapofika, na siku ya kurudi kijijini atarudi nao.