Damu ya panya si damu ya mtoto

Katika vijiji vyetu, kuanzia Paje hadi mjini, wapo watoto wenye selimundu. Mtoto huvimba vidole, hulia kwa maumivu ya mifupa na hupungukiwa damu mara kwa mara. Tanzania ni miongoni mwa nchi wanakozaliwa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huu. Mzazi akiombwa damu ya mwanawe kwa ajili ya utafiti, huenda akauliza: "Kwa nini wasiwapime wanyama?" Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu.

Chembe nyekundu za damu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Zikiwa changa huwa na protini za kunata, ambazo huzishikiza pale zinapokulia. Zikikomaa huzipoteza, ndipo huingia mishipani zikiteleza. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe nyingi hutoka mapema, zingali na protini hizo. Hunata kwenye kuta za mishipa na kuchangia kuziba njia ya damu, na maumivu huanza.

Panya naye hutengeneza chembe hizi, lakini protini zake hazifuati mwendo uleule. Kwake, protini iitwayo CD44 hupungua hatua kwa hatua, hata mwaka 2009 watafiti wakaitumia kutambua ukomavu wa chembe. Kwa binadamu, mwaka 2013, ilibidi watumie protini nyingine, ikiwamo integrini alfa-4. Basi panya hutufundisha mengi, lakini hawezi kuwa shahidi wa mwisho juu ya mtoto.

Hata ushahidi wa Ulaya na Marekani hautoshi, maana kwetu kuna malaria. Dawa ya haidroksiyurea ilitumika huko miaka mingi, lakini wengine walihofu kwamba Afrika ingezidisha malaria. Watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda walipewa dawa hiyo chini ya uangalizi, na majibu yakachapishwa mwaka 2019: malaria ilipungua, maumivu yakapungua, na vifo pia. Kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi, watu wa pwani kama sisi.

Maoni yangu ni haya: mzazi aulize, aelezwe kwa Kiswahili, na awe huru kukataa. Lakini tukikataa sote, watoto wetu watatibiwa kwa kubahatisha. Na mtoto mwenye dalili hizo apelekwe hospitali akapimwe. Akishikwa na homa, tusingoje kesho.