Sentimita 45 Zilizopotea Mwisho wa Reli

Aprili 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia kwenye ghala la dagaa nililolichora mimi. Hayakuingia kwa fujo. Yalipanda polepole, usiku kwa usiku, hadi asubuhi moja mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolitumia ghala hilo akanipigia simu: "Mwanangu, njoo uone. Dagaa wamerudi ziwani."

Nilipofika, maji ndani ya ghala yalinifika kwenye kifundo cha mguu. Magunia ya safu ya chini yalikuwa yameshalowa na kuanza kunuka. Sakafu ilikuwa imejengwa sentimita 45 juu ya ardhi. Ilitakiwa iwe 90. Ingekuwa 90, maji yangeishia nje kwenye ngazi, na akina mama wale wangeendelea kugombana na wachuuzi kuhusu bei, kama siku zote.

Sentimita 45 zilizopungua hazikuibwa. Hakuna fundi aliyeuza saruji, hakuna aliyekula kokoto. Zilipotelea ndani ya faili la kompyuta, na nimekaa na hasira hiyo muda wa kutosha kuiandika.

Mchoro wa kwanza niliuchora kabla ziwa halijaanza vituko. Sakafu niliiweka 45, na kwa ufukwe wa wakati ule zilitosha. Fedha zikachelewa. Kisha ikaja miaka ya 2020 na 2021, ziwa likapanda na kuwafuata watu majumbani mwao. Fedha zilipopatikana mwaka 2022, mhandisi mmoja wa Dar es Salaam aliyepewa kazi ya kukagua mchoro akasema jambo la akili kabisa: inueni sakafu hadi 90. Akarekebisha mwenyewe kwenye faili na kunitumia kwa barua pepe.

Faili halikufunguka. Lilikuwa limehifadhiwa kwa toleo jipya kuliko la programu yangu. Nikalitia kwenye flashi, nikapanda bodaboda hadi stesheneri moja pale Mwanga, ambako kijana mmoja ana kompyuta yenye toleo jipya. Likafunguka. Kikajitokeza kisanduku cha onyo kwa Kiingereza, kirefu, na kijana akakibofya kikaondoka, kama sisi sote tunavyofanya kila siku. Akalihifadhi upya kwa toleo la chini ili nami niweze kulifungua, akanichapia karatasi za A3. Nilizipitia palepale kaunta. Kuta zipo, milango ipo, paa lipo. Nikazipeleka saiti.

Kile kisanduku kilikuwa kinasema kwamba baadhi ya vitu kwenye mchoro vilitengenezwa na programu nyingine ambayo kompyuta ile haina. Vitu hivyo vilikuwa alama za levo. Mhandisi alikuwa amezichora kwa programu-jalizi ya ofisini kwake, na kwenye kompyuta isiyo na programu-jalizi hiyo, alama hazikuonekana. Hazikugeuka viulizo wala miraba, jambo ambalo lingetushtua. Zilitoweka tu, na mchoro ukabaki msafi, mzuri, umekamilika.

Fundi mkuu alipokosa levo ya sakafu kwenye karatasi mpya, alifungua ya zamani, akaikuta: 45. Hakupima kwa rula, kwa sababu ni mwiko wa kazi: kwenye mchoro unafuata namba iliyoandikwa, hupimi karatasi. Alifuata kanuni. Nilipomuuliza, miaka miwili baadaye, tukiwa tumesimama ndani ya maji, alinijibu bila kuinua sauti: "Injinia, karatasi mpya ilinyamaza. Ya zamani ilisema. Ungekuwa wewe, ungemsikiliza nani?"

Sina jibu zaidi ya kukiri kwamba ningeweza kumpigia mhandisi simu ya dakika mbili nikamwomba anisomee levo zote. Sikupiga. Sehemu hiyo ni yangu na sitamtupia mtu. Lakini kila nikisimulia kisa hiki kwa wenzangu waliosoma, hasa walioko Dar au Nairobi, jibu huwa moja: "Ungesasisha programu." Hapo ndipo ninapotaka tugombane.

Tuanze na jambo ambalo kila mchoraji analijua na hatulisemi. Programu mpya hufungua faili la zamani. Programu ya zamani haifungui faili jipya. Mlango unafunguka upande mmoja. Mwenye pesa anaweza kusoma kazi ya asiye na pesa wakati wowote. Asiye na pesa hawezi kusoma kazi ya mwenye pesa mpaka naye alipe. Wengi wanaiona hii kama sheria ya maumbile, kama mto unavyoteremka mlima. Mimi naiona kama uamuzi wa biashara, na walioufanya wana majina.

AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na aina yake ya faili, DWG, ndiyo imekuwa sarafu ya michoro duniani. Sarafu hiyo inabadilishwa kila baada ya muda: 2000, 2004, 2007, 2010, 2013, 2018. Kila inapobadilishwa, aliyebaki nyuma anakuwa na noti ambayo duka halipokei. Hadi mwaka 2016 kampuni ya Autodesk ilikuwa bado inauza leseni unayoimiliki moja kwa moja. Mwaka huo ikaacha kuziuza. Tangu hapo unapanga programu kama unavyopanga chumba, na kwa bei ya Marekani kodi yake ni takribani dola 2,000 kwa mwaka. Revit, ya kampuni hiyohiyo, imekwenda mbali zaidi: faili likishapandishwa toleo na kuhifadhiwa, hakuna kitufe cha kulirudisha chini. Ukitaka kushirikiana na ofisi yenye toleo jipya, unahamia huko au unakaa nje.

Sasa mchoraji wa Kigoma, anayelipwa kwa nyumba moja kiasi ambacho mteja anaomba akilipe kwa awamu tatu, asasishe kwa nini? Kwa kompyuta ya mtumba ambayo toleo jipya likiingia inazimika? Kwa bando la kupakua gigabaiti kadhaa, likatike umeme unapofika asilimia 80? Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli. Sisi tumejifunza kuhifadhi kazi kila baada ya dakika tatu kabla hatujajifunza kuchora mstari ulionyooka.

Nanyi mnajua tunachofanya, kwa sababu nanyi mnafanya: tunatumia kreki. Sitaipamba. Ni wizi. Tena ni wizi unaomfaa tajiri, maana kila kreki ni mwanafunzi mwingine aliyezoeshwa programu ileile, na kesho akifungua ofisi atalipa, au atamlazimisha mteja alipe. Chuoni tunaonjeshwa bure kwa leseni ya wanafunzi. Tunahitimu, leseni inakwisha, na hatujui kuchora kwa kitu kingine chochote. Kijana wa miaka 24 anatoka chuo na mkono ambao tayari una mwenyewe.

Kigoma ina balaa lake la ziada, na linaonyesha jambo lilelile kwa pembe nyingine. Katika mfumo wa UTM unaotumiwa kwenye ramani za upimaji, Tanzania imegawanyika katika kanda tatu: 35, 36 na 37. Dar es Salaam iko kanda ya 37. Dodoma iko ya 36. Mstari wa nyuzi 30 mashariki unapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu, kwa hiyo ni kipande chembamba tu cha nchi, huku kwetu ufukweni, kinachoangukia kanda ya 35. Karibu kila kiolezo kinachotufikia kimeandaliwa kwa ajili ya kwingine. Ukiingiza namba za kiwanja cha Ujiji kwenye kiolezo cha kanda ya 37, programu haigutuki. Inakupokea na kukuweka upande wa pili wa nchi. Ukichanganya vipimo vya mfumo wa zamani wa Arc 1960 na vya WGS84 vinavyotoka kwenye simu yako, nyumba inahama takribani mita 300, ambazo ufukweni zinaweza kukutoa nchi kavu na kukutumbukiza majini. Huko nako hakuna kelele, na mchoro unabaki msafi, mzuri, umekamilika.

Ndivyo vitu hivi vilivyotengenezwa. Vinadhani mtumiaji yuko katikati, ana intaneti, ana toleo la mwaka huu, ana programu-jalizi zote. Aliye mwisho wa reli ni hali ya pekee, na gharama ya kuwa hali ya pekee analipa yeye mwenyewe.

Mwisho wa reli hapa ni mahali halisi. Meli ya Liemba ililetwa hapa kwa njia hiyo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuja Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Sina hamu ya kuwasifu wakoloni. Waliileta kwa vita vyao, si kwa faida yetu. Ninachotaka kukuonyesha ni hiki: aliyetuma alijua kwamba mpokeaji yuko mbali na hana karakana ya Papenburg. Kwa hiyo kazi ya kuhakikisha kwamba kila kipande kitatambulika na kufungika huku ilikuwa ya mtumaji. Adui zake wakaichukua meli hiyo kutoka chini ya maji, wakaitengeneza na kuiendesha, bila kumwomba ruhusa wala kumlipa kodi ya mwaka.

Leo utaratibu umegeuzwa. Anayetuma anabofya na kulala. Kisichofunguka ni shida ya anayepokea.

Wapo wanaonijibu kwa kunionyesha mafundi mitumbwi wa ufukweni: tazama, wao hawana kompyuta na mitumbwi yao inaelea. Ni kweli, na napenda kuwatazama wakipima ubao kwa shubiri na jicho. Lakini vipimo vilivyo kichwani mwa mzee mmoja navyo ni faili lililofungwa. Mtoto wake akienda kuuza simu Dar, siku mzee anazikwa, mtumbwi unazikwa naye. Siombi turudi huko. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo, ila tumekubali ufunguo wake ukae kwa mtu mwingine, naye anabadilisha kitasa kila akitaka.

Ninachodai ni kidogo, na hakihitaji ruzuku.

Kwanza, wajibu wa kusomeka uwe wa anayetuma. Ukinitumia mchoro, nitumie na PDF yake iliyotoka kwenye kompyuta yako, ambayo wewe mwenyewe umeiona ina kila namba. Nitumie na DXF, ambayo maelezo yake yamechapishwa wazi na programu nyingi zinaisoma. Kama ni mfano wa jengo zima, tumia IFC, ambayo ni kiwango cha kimataifa na si mali ya duka moja. Levo na vipimo viandikwe kwa maandishi ya kawaida, visitegemee programu-jalizi ya ofisini kwako.

Pili, kila jengo linalojengwa kwa fedha za umma, liwe zahanati, soko au darasa, michoro yake ikabidhiwe kwa namna iliyo wazi pamoja na karatasi zilizosainiwa. Paa la zahanati litahitaji matengenezo baada ya miaka 30. Atakayelipanda asilazimike kwanza kununua ruhusa ya kusoma mchoro uliolipiwa na kodi ya mama yake.

Tatu, vyuo vifundishe kuchora, visifundishe chapa moja. LibreCAD ipo, FreeCAD ipo, na kwa ramani QGIS ipo, zote bure. Usinielewe vibaya: zina matege yake. FreeCAD ilianza mwaka 2002 na ikafikia toleo la 1.0 Novemba 2024, na faili la DWG bado linaweza kukutoa jasho humo. Lakini zikikukwama, hakuna anayekuzuia kubaki na toleo lako mpaka utakapokuwa tayari kuhama.

Sisi wachoraji nasi tuache kubofya onyo tusilolisoma. Kama liko kwa Kiingereza kigumu, lipige picha, muulize mtu. Piga simu, soma levo kwa sauti, mwenzako azirudie.

Ghala la akina mama bado linafanya kazi. Maji yalipoondoka, walichanga wakainua sakafu kwa fedha zao wenyewe, fedha ambazo zilikuwa za ada na za nyavu. Nilichora marekebisho bila malipo, na sikustahili shukrani kwa hilo. Fundi mkuu aliniomba karatasi, akaisoma, kisha akachukua msumari na kuchora mstari ukutani, akaandika chini yake: 90. Akanitazama.

"Hii," akasema, "haitaomba toleo jipya."

Kesho ukiwa ofisini kwako, kabla hujabofya kutuma, kumbuka kwamba kuna mtu huku atakayesimamisha ukuta kwa kuamini unachomtumia. Hakikisha kinamfikia kizima.